Donge la Mukashema

Kwenye njia ya Rubaya utakutana na watu wamebeba mawe ya koltani mgongoni, wameinama, jasho linawadondoka. Katikati yao utamwona mama mmoja mfupi, kitambaa kimefungwa kichwani hadi karibu na nyusi, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa majani. Ukimuuliza amebeba nini atakujibu kwa mkato, "Kitu ya altare," na atapita. Huyo ni Mukashema. Nimemjua tangu tulipokuwa wasichana wa komunyo ya kwanza, na katika miaka yote hiyo sijawahi kushinda ubishi wowote na yeye.

Mimi naitwa Sidonie. Natunza sakristia ya kanisa letu dogo hapa kilimani Masisi: nafua vitambaa vya altare, napanga mishumaa, nafukuza mbuzi wanaoingia wakati wa mahubiri. Kwa hiyo nikisema Mukashema ananisumbua, najua ninachosema, maana kila kitu kinachofika mikononi mwangu kimepita kwanza mikononi mwake.

Kwa ubatizo ni Emérita, lakini jina hilo hulisikii mpaka Padri asome orodha ya wanaotoa zaka. Analima maharagwe na viazi kama sisi sote, na viazi vyake si bora kuliko vyangu. Kazi inayomjulisha ni nyingine: anatafuta vitu vya ibada. Anatafuta nta safi ya nyuki kwa mishumaa ya Pasaka. Jumapili ya Matawi anatuletea matawi ya mitende kutoka bondeni kwenye joto, kwa sababu huku kwetu juu ni baridi na mtende ukiupanda unakucheka. Na wazee wanaotunza desturi za zamani nao humjia, kwa adabu, wakizunguka nyuma ya nyumba: wanataka kuku mweupe, mtama mpya, au kasiksi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, ya kumwaga chini kwa ajili ya waliotangulia. Padri anamwagiza, wazee wanamwagiza, na kila upande unajifanya haujui habari za mwenzake.

Hana mchezo na kazi hiyo. Siku moja sokoni kijana mmoja alimletea kuku mweupe, mnene, mtulivu, mimi mwenyewe ningempokea na asante. Mukashema alimwinua bawa, akapuliza manyoya, akatazama ngozi kwa muda mrefu mpaka kuku mwenyewe akaona haya.

"Ilikuwa na ngapi?" akauliza.

"Ngapi nini, Mama?"

"Manyoya nyeusi yenye ulingoa."

Kijana alitazama chini. "Tatu tu, Mama."

"Basi uza kwa mutu wa kula. Kuku haina kosa." Kisha akamnunua yeye mwenyewe, akampika Jumapili, akanialika. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Mukashema hakiamini hata hicho kinachojiuza. "Kitu ya kutolea," huwa ananiambia, "hauiangalie na macho ya soko."

Lakini ubani ndio uliompa jina. Ubani wetu ni machozi ya mti uitwao mbafu, mti mkubwa wa msituni unaotoa utomvu mweupe, ukikauka unakuwa donge, na donge likiwekwa kwenye kaa linatoa moshi wenye harufu ambayo siwezi kuieleza, nenda kanisani ukaunuse mwenyewe. Mbafu hauoti kwetu. Lazima ushuke Walikale, upite Nyabiondo, uingie msituni kuelekea Pinga, na huko, nyuma ya mashamba ya mihogo, kuna mti mmoja wa ukoo wa mzee anayeitwa Papa Léopold. Mbafu ni mingi msituni. Mukashema anachukua kwa huo mmoja tu.

Sababu ni desturi ya ukoo ule. Mti wao haukatwi, hauchanjwi, haugongwi. Unalia wenyewe, wakati unaotaka wenyewe, na machozi yakishakauka na kuanguka, wanaokota. Donge la kwanza la kila mwaka linaingia kwenye kibanda kidogo cha mababu, wanaowaita bankambo, kilichopo pale pale chini ya mti, linachomwa kwenye kaa, na Papa Léopold anawataja waliotangulia kwa majina. Baada ya hapo ndipo Mukashema anafungiwa fungu lake katika majani mapana ya mangongo. Papa Léopold amebatizwa, tena ndiye anayeongoza sala katika kanisa lao padri asipofika, na yeye haoni ugomvi wowote kati ya kibanda chake na altare yetu. Mimi nauona kidogo, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sasa nije kwenye donge lenyewe.

Mume wa Mukashema aliitwa Kanyamibwa. Alifariki mwaka ule vita vilipotufukuza vilimani kwetu, njiani, kwa homa, mvua ikinyesha. Tulimzika kandokando ya barabara katika shuka la kuazima. Hapakuwa na padri, hapakuwa na mshumaa, na watu waliochimba kaburi walikuwa na mizigo yao mgongoni kwa sababu tulitakiwa kuendelea. Mukashema hakulia pale. Tulipofika tulikofika, alisema sentensi moja tu: "Miye sitaenda vile."

Miaka michache baadaye, tulipokuwa tumerudi, alishuka Walikale kama kawaida. Papa Léopold alikuwa amesikia habari za msiba. Siku hiyo mbafu ulikuwa umeangusha donge ambalo hata yeye hakuwahi kuliona, ukubwa wa ngumi mbili, jeupe kama maziwa ya asubuhi, halina ganda la mti wala mchanga. Alimpa. Hakutaka kitu. Mukashema akaliweka katika kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda, na akaniita mimi nije nilione.

"Hii iko ya siku yangu," aliniambia. "Siku yenye nitakufa, mutaichoma yote mbele ya sanduku. Isibakie hata kidogo. Weye njo utaichoma, Sidonie. Apa."

Niliapa, mbele ya sanamu ya Bikira ambayo leo iko sakristiani, ile iliyokatika kidole. Kilima kizima kilijua habari za kopo hilo. Watu walijaribu kulipata, wengine kwa ajili ya arusi, wengine kwa jubilei ya ndoa, na familia moja yenye ng'ombe wengi ilijaribu kwa mazishi ya baba yao. Aliwatafutia wote ubani mwingine, mzuri, lakini kopo halikutoka chini ya kitanda. Na mimi, ninayebisha naye kwa kila kitu, sikuwahi kubisha kwa hilo. Nilikuwa nimeliona lile shuka la kuazima.

Kanisa letu la zamani liliungua wakati tulipokuwa mbali. Tuliporudi tulikuta kuta nne nyeusi na nyasi zimeota pale altare ilipokuwa. Tulisali miaka chini ya turubai. Polepole tukajenga, mbao kutoka miteremko yetu, na mwisho mafundi wakachonga jiwe la altare kutoka kilima chetu wenyewe, jiwe moja la kijivu ambalo lilihitaji wanaume wa vijiji vitatu kulisogeza. Askofu akakubali kuja kuliweka wakfu.

Padri Manzi, paroko wetu, ni kijana mpole anayependa kueleza mambo. Jumapili moja baada ya Misa alitueleza namna ibada itakavyokwenda. Askofu atalipaka jiwe mafuta ya krisma, alisema, halafu ubani utawekwa juu ya altare yenyewe, marundo matano, kwenye pembe nne na katikati, na utawashwa hapo.

Mukashema alisimama. Mwanamke huyu huwa haongei kanisani.

"Padiri, juu ya altare yenyewe?"

"Yenyewe, Mama."

"Haiko mu chetezo?"

"Hapana. Juu ya jiwe, na moto."

Alikaa. Kisha alitoka bila kumsalimu mtu, na asubuhi yake akamkamata Gisubizo, kijana wetu wa pikipiki aliyekuwa anakwenda Pinga na mzigo wa chumvi, akampa ujumbe kwa nyumba ya Papa Léopold: mwaka huu tunataka mingi, altare yote itawaka, mutuwekee yote yenye mti iko nayo. Ujumbe wenyewe niliusikia kwa masikio yangu, na nakiri haukuwa na kasoro yoyote kwangu. Ulikuwa ujumbe wa mtu mwenye furaha.

Wakati wa kwenda kuuchukua ulipofika, nilisema nami nakwenda. Siku ya Askofu, kama ubani ukikosekana, macho yote yatageukia sakristia, si chini ya mbafu. Kwa hiyo tulipanda wote kwenye pikipiki moja: Gisubizo mbele, Mukashema katikati, mimi nyuma na kikapu mapajani, na ndani ya kikapu kuku mweupe asiye na doa, ambaye Mukashema humpelekea Papa Léopold kila mwaka kwa ajili ya kibanda. Njia ile mvua ikiwa imenyesha si njia, ni matope yaliyopewa jina. Tulishuka na kusukuma, tukapanda, tukashuka. Kati yetu wote kuku ndiye pekee ambaye hakulalamika.

Tulipofika, aliyetupokea alikuwa Thierry, mkwe wa Papa Léopold, mwanamume mwenye mikono mikubwa na kicheko cha karibu. Alikuwa anatungoja. Hata maji hatujanywa, akaingia ndani na kutoka na bido la njano, dumu lililokatwa juu, limejaa machozi ya mbafu mpaka mdomoni. Sijawahi kuona ubani mwingi hivyo mahali pamoja. Nilihesabu moyoni marundo matano, nikaona tungeweza kuweka hata kumi, na nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mukashema alichukua kipande, akakivunja, akakinusa. Akaomba kaa. Akaweka punje, akainama kusikiliza, kwa sababu ubani uliochanganywa au wenye maji hulia kwenye moto kama mafuta ya kukaanga. Huu haukulia. Moshi ulipanda mweupe, umenyooka, na harufu ikajaa ua mzima. Nikasema basi, tule tuondoke.

Yeye alikuwa bado anatazama kile kipande. Akachukua kingine, na kingine.

"Mbona iko mirefu hivi?" akauliza. "Machozi inaangukaka ya mviringo."

Thierry alicheka. "Mama, uliomba mingi. Mti haikukuwa na mingi. Basi nikaisaidia."

Tulikwenda kwenye mti. Papa Léopold alikuwa ameketi kwenye kigogo karibu na kibanda, fimbo katikati ya magoti, na alitusalimu vizuri, akauliza habari za njia, akauliza habari za Padri. Nyuma yake, kwenye ganda la mbafu, kwa urefu wa mtu mzima, kulikuwa na michanjo ya panga, mingi, imepangwa vizuri, kazi ya mtu hodari. Utomvu ulikuwa bado unateremka kwenye michache. Mti ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu wanne wasingeukumbatia, na bado uliniuma kuutazama.

"Alifanya ju ya kuwapendeza," Papa Léopold alisema. "Sikukuwa hapa. Nilirudia, nikakuta ilishaisha."

"Imeingia mu kibanda?" Mukashema akauliza.

"Hapana."

"Itaingia?"

Mzee alielekeza fimbo kwenye kibanda. "Mama, miye siwezi semea altare yenu. Ile iko yenu na Padiri yenu. Kwa kibanda hii, haiingie. Mti ililazimishwa kulia. Kilio ya kulazimisha, bankambo hawaipokee. Mwaka huu hawatapata kitu, na miye nitabaambia sababu."

Hapo nilimvuta Mukashema pembeni. Hasira ilikuwa imenipanda, na nilikuwa na njaa, na vitu hivyo viwili kwangu huwa havikai vizuri pamoja.

"Dada, Askofu haiko na kibanda. Harufu iko ileile, umeinusa weye mwenyewe."

"Iko ileile."

"Moshi iko mweupe."

"Iko mweupe."

"Kule kwetu nani atajua?"

"Hakuna."

"Basi tuibebe!"

Alinitazama kama anavyomtazama kuku wa sokoni. "Kitu yenye Papa Léopold anakatalia bankambo yake, miye niipeleke kwa Mungu? Mungu njo iko mudogo kuliko bankambo ya Pinga?"

Nilitafuta jibu. Mpaka leo nalitafuta, na siku nikilipata nitampelekea nyumbani kwake, kwa sababu bado naona tungeweza kulibeba lile bido na mbingu isingeanguka.

Thierry alikuwa amesimama, mikono yake mikubwa haijui pa kukaa. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Mama, nilifanya ju ya weye," alisema.

"Najua, mutoto yangu." Mukashema alimwendea, akamshika mkono, kama mama anavyomshika mwanawe aliyevunja chungu. "Panga iko yako, lakini neno iko yangu. Ni miye njo nilisema yote. Mti haiambiwake yote."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alinipokonya kikapu, akamtoa yule kuku mweupe, akampa Thierry mikononi. "Peleka kwa Papa. Sema iko ya kuomba musamaha, yako na yangu pamoja." Akapandisha kitenge kiunoni, akaenda mtoni, akarudi na udongo wa mfinyanzi, akaukanda na majivu, na kwa mikono yake akaanza kupaka michanjo ile mmoja mmoja, toka chini kwenda juu. Thierry alimpakia ile asiyoifikia. Mimi nilishika majani ya mangongo ya kufunikia na kamba ya kufungia, nikinung'unika, lakini nilishika vizuri.

Papa Léopold alisema mti utapumzika mpaka kidonda kifunge, na hakuna atakayeokota chini yake. Lile bido zima likaenda jikoni kuwashia moto. Mchana ule tulikula ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa ubani ambao ungempendeza Askofu. Ilikuwa sombe tamu sana, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Tulirudi na kikapu kitupu. Mkono mtupu haulambwi, na nilijua kilima kitatupokeaje. Tulipokuwa tunapanda mlima wa mwisho kwa miguu, Gisubizo akiisukuma pikipiki, tulipishana na wabeba mawe wa Rubaya wakishuka, na mmoja akamtania, "Mama, leo altare haina kitu?" Aliendelea kupanda. Nami, ambaye tangu Pinga nilikuwa natunga maneno makali ya kumwambia tukifika, nilimtazama mgongoni, nikayameza.

Padri Manzi alitusikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa pakiti ya ubani wa dukani iliyoletwa zamani kutoka Goma, punje za rangi nyekundu na kijani. "Tuko nayo hii, bamama," alisema. "Mungu anaangalia moyo. Tutaweka hii, na itatosha." Ilikuwa kweli, na alisema kwa wema. Mimi nilipumua. Mukashema alichukua punje moja, akainusa, akairudisha kwenye pakiti kwa heshima.

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, nilikuwa sakristiani napiga pasi kitambaa kipya cha altare. Pasi ya makaa haitaki mtu mwenye mawazo mengi. Mlango ukafunguliwa, Mukashema akaingia, akaweka kopo la maziwa mezani, mbele yangu kabisa.

Niliiweka pasi pembeni. "Rudisha," nikasema.

"Sidonie."

"Rudisha kwako. Hii iko ya siku yako. Uliniapisha."

"Nilikuapisha."

"Mbele ya Bikira."

"Mbele ya Bikira. Na sasa, mbele yake, nakufungulia."

Nilianza kulia hapo hapo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Nilimwambia tuna pakiti. Akasema pakiti inanuka saluni. Nikamwambia Padri ameridhika. Akasema Padri ni mtu mwema, na kwamba hakuja kwa ajili ya Padri. Nikamuuliza yale niliyokuwa naogopa kuyauliza.

"Na weye? Utaenda na nini? Kama Kanyamibwa?"

Alivuta kiti, akakaa. Alikuwa na udongo wa Pinga bado kwenye kucha.

"Ile altare ya zamani iliungua na moto ya bantu benye hatujue," alisema. "Hakuna mwenye aliitolea. Iliungua bure. Hii tuiwashe sisi, na kitu yetu." Akafungua kopo. Harufu ilitoka kabla ya kifuniko kuguswa vizuri. "Miye nilikuwa nafikiri nimeiweka. Kumbe nimeificha. Kitu ya kutolea yenye haitolewe, inageuka mali tu, Sidonie. Kule kwa Papa Léopold niliomba mti itoe yote. Na miye yangu iko chini ya kitanda."

Hakutaka nimsaidie kulivunja. Alilifunga donge katika kitambaa safi, akaligonga kwa jiwe la kusagia, taratibu, akilisikiliza kila pigo. Ndani lilikuwa jeupe kama nje. Akaligawa mafungu manne sawa, na la tano akaliacha kubwa kidogo.

"Hii ya katikati iko ya Kanyamibwa," alisema. "Usiambie mutu."

Sasa nimewaambia. Lakini aliyekufungulia kiapo kikubwa, siri ndogo atakusamehe.

Siku ya Askofu watu walikuwa wengi mpaka nje chini ya mikaratusi. Jiwe lilipakwa mafuta likang'aa. Nilikwenda mbele na sinia, nikayaweka marundo matano kama nilivyoonyeshwa, na Askofu akawasha moto. Mwanzoni ulikuwa mwali mdogo tu. Halafu moshi ukapanda kutoka pembe nne na katikati, mweupe, haukutawanyika, ukajikusanya chini ya mabati mapya na kushuka juu yetu wote. Msitu mzima wa Walikale ulikuwa ndani ya kanisa letu la mlimani. Waimbaji walisahau kuanza wimbo. Wazee waliokuja kwa heshima tu, wale wanaozunguka nyuma ya nyumba, walivua kofia.

Nilimtafuta Mukashema. Alikuwa benchi la nyuma, upande wa mama wajane, kitambaa chake kimeshuka karibu na nyusi. Hakuwa anatazama altare. Alikuwa amefumba macho na anavuta pumzi ndefu, kwa kituo. Ninampenda mwanamke yule. Sijawahi kumwambia na sitamwambia, atanijibu vibaya.

Jumatatu nilikwenda kusafisha. Pembe nne zilitakata. Katikati, pale rundo kubwa lilipowaka, utomvu ulikuwa umeyeyuka ukaingia ndani ya jiwe, ukaacha doa la rangi ya asali iliyoungua, ukubwa wa kiganja. Nilisugua kwa maji ya moto, nikasugua kwa majivu, nikachukua mchanga. Nilikuwa nimepiga magoti kabisa juu ya kigoda, mikono yote miwili kazini, niliposikia sauti yake mlangoni.

"Acha."

"Jiwe jipya, dada. Padiri atasema nini?"

Alikuja mpaka karibu. Aliinama, akaweka pua pale kwenye doa, kama anavyofanya kwa kila kitu. Alikaa hivyo muda. Nami nikainama upande wa pili, na harufu ilikuwepo, ndogo, imetulia.

"Siku yangu," alisema, "muniweke hapa chini tu, mbele yake. Musitafute kitu ingine. Itanitosha."

Papa Léopold ametuma habari kwamba kidonda cha mbafu kinafunga vizuri, na kwamba Thierry anautazama mti ule kila asubuhi. Mukashema ni mzima kabisa, wiki iliyopita tumegombana kuhusu matawi ya mitende. Kila Jumamosi nafuta altare yote kwa kitambaa chenye maji. Nikifika katikati, nazunguka.